Hivi kinachombadilisha mtu ni hoja au ni yule anayeongea?

Mchonga Hoja:
Wakuu salaam. Kuna kitu kinanikera muda mrefu nakileta hapa mkichambue. Wote tulikaririshwa kwamba kumshawishi mtu kuna njia tatu, sifa ya msemaji, hisia za msikilizaji na hoja yenyewe, ule mpango wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 KK, ethosi pathosi logosi. Sasa mimi riziki yangu ni kuwaandikia watu hotuba na barua, mabosi wasio na muda, na baada ya kuziandika nyingi nimefikia hapa: hoja haijawahi kumgeuza mtu. Mtu anaamua kwanza kwa kuwa anamkubali msemaji, au ameguswa, au ametishika, halafu hoja anaiokota baadaye ili akiulizwa awe na la kujibu. Nimeshuhudia kikao kinapitisha pendekezo ambalo jumla ya ukurasa wa pili haikulingana na ya ukurasa wa nne, na hakuna aliyefunua hata karatasi, macho yote yalikuwa kwa aliyesimama mbele. Nipingeni.

Domo Zege:
Siti ya mbele kabisa. Endeleeni.

Mwalimu wa Mdahalo:
Mkuu umeanza na Aristotle halafu umemgeuzia kibao. Yeye alilalamika kwamba waliomtangulia kufundisha balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, waling'ang'ania hisia tu wakaacha hoja, akasema kumpandisha hakimu hasira au kumtia huruma ni sawa na fundi anayepinda rula yake mwenyewe halafu ndiyo anaenda kupimia nayo. Maneno makali hayo. Ila sasa ukiendelea kumsoma, sehemu kubwa ya kitabu cha pili anakuchambulia hasira, woga, aibu, huruma, kijicho, moja baada ya nyingine, nini kinaiwasha, inawashwa dhidi ya nani, mtu akiwa katika hali gani. Yaani aliyekataza rula isipindwe ndiye aliyetuachia maelekezo ya kuipinda. Mimi nadhani alikuwa anasema hisia itoke ndani ya jambo lenyewe, siyo kuletwa kutoka nje kama mapambo. Lakini watu wanabishana hapo hadi leo.

Shabiki wa Data:
Mchonga Hoja nakupa nguvu kidogo. Kuna utafiti wa Small, Loewenstein na Slovic ulitoka 2007. Watu walipewa vijisenti vya kujaza fomu, halafu wakaombwa wachangie wenye njaa. Kundi moja likasomewa habari za binti mmoja wa Mali anaitwa Rokia, ana picha na jina. Kundi la pili likapewa takwimu za mamilioni wenye njaa. Waliopewa Rokia walitoa zaidi ya mara mbili. Kituko kiko kundi la tatu, waliopewa Rokia PAMOJA na takwimu, hao mchango wao ukashuka karibu na wale wa takwimu tupu. Namba haikuongeza kitu, ilipunguza.

Mchonga Hoja:
@Shabiki wa Data asante sana, hiyo naiprinti naibandika ofisini.

Shabiki wa Data:
Usibandike bado, narudi na nyingine itakuuma.

Karani Mstaafu:
Vijana hamjambo. Nimeandika mienendo ya kesi mahakamani maisha yangu yote ya kazi, nimesikia mawakili wa kila aina, wapiga kelele, wanaolia, wanaotupa vifungu vya sheria kama wanahesabiwa. Nitawaambia niliyemwona anashinda kuliko wote. Alikuwa mtu mfupi, sauti ndogo hadi tukimwomba arudie. Akisimama, anaanza na kibaya cha mteja wake. "Mheshimiwa, mteja wangu usiku ule alikuwa amelewa, na sitasema vinginevyo." Basi. Ananyamaza. Hakimu aliyekuwa anaandika anainua kichwa, anamwangalia, na kuanzia hapo kila anachosema yule bwana kinaingia. Wakili wa upande wa pili alikuwa amejipanga asubuhi nzima kuthibitisha ulevi, sasa hana la kuthibitisha, anabaki kupanguapangua makaratasi. Hiyo ni sifa ya msemaji, na wala hakuja nayo kutoka nyumbani, aliijenga pale pale kwa sentensi moja.

Mwalimu wa Mdahalo:
Mzee wangu Karani shikamoo. Umemaliza kazi yangu. Aristotle anasema hivyo hivyo, kuaminika kutokane na hotuba yenyewe, siyo na vile watu walivyokuwa wanamjua msemaji kabla hajafungua mdomo. Na anataja vitu vitatu: busara, uadilifu, na kuwatakia mema wanaokusikiliza. Kikikosekana kimoja wanakushtukia.

Kipanga:
Nadharia tamu hiyo mwalimu ila mtaani watu wanaangalia cheo na mavazi. Milgram, yule mwanasaikolojia wa Marekani, alishamaliza huu ubishi miaka ya 60. Jamaa amevaa koti jeupe la daktari anamwambia mtu bonyeza umeme umpige mwenzako, anabonyeza. 26 kati ya 40 wakafika volti 450 mwisho wa mashine. Hapo palikuwa na hoja gani? Koti tu.

Saikolojia Mwaka wa Tatu:
Kipanga marekebisho madogo, koti lilikuwa la kijivu na aliyelivaa hakuwa daktari, alikuwa mwalimu wa bailojia aliyeajiriwa kuigiza. Na umeme haukuwa wa kweli, mtu wa upande wa pili alikuwa ameshapangwa. Halafu ule ni utii, siyo ushawishi. Wengi wao walikuwa wanatoka jasho, wanatetemeka, wanauliza kama waendelee. Mtu aliyeshawishika hatetemeki.

Kipanga:
Kijivu, jeupe, alibonyeza hakubonyeza?

Saikolojia Mwaka wa Tatu:
Alibonyeza 😂 lakini ukitaka mtu aendelee kuamini ukishaondoka chumbani, koti halitoshi.

Nesi wa Zamu:
Nimesoma kimya kimya nikiwa kwenye mapumziko, acheni niseme. Mnamkumbuka daktari Semmelweis? Vienna, 1847. Hospitali moja ina wodi mbili za kujifungulia, moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga, na kwa madaktari kina mama wanakufa zaidi kwa homa ya uzazi. Aprili ya mwaka ule walikufa zaidi ya 18 katika kila 100. Akagundua madaktari wanatoka kupasua maiti wanakuja moja kwa moja kuwapima wajawazito. Akawalazimisha wanawe mikono kwa maji ya klorini, miezi michache mbele vifo vikashuka hadi kama 2 katika 100. Sasa niambieni, hoja gani duniani ina nguvu kuliko hiyo? Maiti zinahesabika. Na wakubwa wake wengi walimkataa, akaondoka Vienna, akafa 1865 ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili. Kila nikiona bango la kunawa mikono namfikiria huyu mtu. Kwa hiyo Mchonga Hoja kwa upande huo nakuunga mkono japo inaniuma.

Mchonga Hoja:
Dada Nesi, hiyo ndiyo picha kamili. Namba zote anazo na hawakumsikiliza.

Bi Tausi:
Ngojeni, msimfanye malaika. Semmelweis alichelewa mno kuandika, kitabu chake kilitoka 1861, miaka kumi na zaidi baadaye. Na walipompinga akaanza kuwaandikia barua za wazi kuwaita wauaji. Sasa mwite profesa muuaji mbele ya wenzake halafu utegemee anawe mikono. Ujumbe wake wenyewe tu ulikuwa mzito, ulimaanisha "wewe daktari uliyeapa kuponya, ndiye uliyewaua hawa". Hata ungemletea hesabu iliyoandikwa kwa dhahabu, moyo unakataa kwanza.

Shabiki wa Data:
Mimi sikubaliani na nyote wawili. Tatizo lilikuwa kwenye hoja yenyewe, ilikuwa na pengo. Alikuwa na matokeo, hakuwa na maelezo. Nadharia ya vijidudu ilikuwa haijasimama, kazi za Pasteur na Koch zilikuja kukubalika baadaye. Anasema "chembe za maiti", wanamuuliza zinafanyaje, hana cha kuwaonyesha. Kwa hiyo msiseme logosi ilishindwa, semeni logosi ilikuwa nusu.

Nesi wa Zamu:
Shabiki mbona unataka maelezo wakati watu wanaacha kufa? Mgonjwa wangu akipona sisubiri nadharia.

Shabiki wa Data:
Wewe husubiri. Profesa wa 1850 alisubiri.

Kipanga:
Moto huo. Mimi naona nyie mnazunguka, jamaa hakuwa na konekisheni, mgeni kutoka Hungaria, basi.

Saikolojia Mwaka wa Tatu:
Naomba nilete kitu kinachoweza kuwapatanisha au kuwagombanisha zaidi. 1981 Petty, Cacioppo na Goldman waliwasikilizisha wanafunzi wa chuo pendekezo la kuweka mtihani mkubwa wa kumaliza masomo. Nusu wakaambiwa unaanza mwakani, kwa hiyo unawahusu, nusu wakaambiwa baada ya miaka kumi, kwa hiyo watakuwa wameshaondoka. Hoja kwa wengine zilikuwa nzito, kwa wengine nyepesi za kuokoteza, na aliyezitoa kwa wengine alikuwa mtaalamu, kwa wengine wanafunzi wa sekondari. Matokeo ni kwamba waliohusika walipima hoja, hoja nyepesi waliitupa hata ikitoka kwa mtaalamu. Wasiohusika walimfuata mtaalamu, ubora wa hoja haukuwashughulisha sana. Sasa rudini kwenye kikao cha Mchonga Hoja, je lile pendekezo lilimgusa mfukoni yeyote aliyekaa pale?

Mchonga Hoja:
Hapana, fedha ilikuwa ya mfuko wa mbali. Lakini Semmelweis je? Madaktari wale jambo liliwahusu kabisa, mbona hawakupima hoja?

Saikolojia Mwaka wa Tatu:
Liliwahusu kwa upande wa heshima yao. Mtu akitishiwa heshima anapima hoja ila kwa lengo la kutafuta tundu.

Bi Tausi:
Hapo umeongea binti. Au kijana, sijui.

Saikolojia Mwaka wa Tatu:
Binti 😊

Kimya Kingi:
Mimi siandikagi humu ila leo. Kitu ambacho hamjakigusa ni kwamba msemaji mzuri hamalizi hoja. Anaacha kipande kimoja msikilizaji akijaze mwenyewe. Ukisema "fulani alishika funguo za ghala, na ghala halikuvunjwa" unanyamaza, hakuna haja ya kusema fulani kaiba, msikilizaji ameshasema kichwani, na alichokisema mwenyewe hawezi kukikana. Aristotle aliita entimema, akasema ndiyo kiini cha ushawishi wenyewe. Sasa hapo niambieni hiyo ni hoja au ni hisia au ni sifa ya msemaji? Mimi naona ni vyote, maana yule anayejaza pengo anajisikia mwerevu, na anampenda aliyemwacha ajisikie hivyo. Ndiyo maana pia ni hatari, uongo mwingi unapita hapo hapo bila hata neno moja la uongo kutamkwa.

Karani Mstaafu:
Kimya Kingi, jina halikufai. Andika zaidi.

Domo Zege:
Ila jamani kelele zote hizi, mbona Martin Luther King alisimama tu akasema ana ndoto, dunia ikalia? Hiyo ni hisia tupu, hakuna entimema wala nini. Aliandika ile hotuba usiku mmoja akaisoma yote kwa machozi.

Mwalimu wa Mdahalo:
Domo Zege kila sentensi yako ina kasoro, nakupongeza. Tarehe 28 Agosti 1963, watu kama 250,000. Andiko alisaidiwa kuliandaa, kina Clarence Jones na Stanley Levison walihusika, na sehemu ya ndoto HAIKUWEMO kwenye karatasi aliyokuwa nayo siku ile. Alikuwa ameshaitumia kwenye hotuba nyingine kabla. Mwimbaji Mahalia Jackson alikuwa karibu naye akapaza sauti awaambie kuhusu ndoto, naye akaacha kusoma. Na kabla ya ndoto alijenga hoja kavu kabisa, kwamba nchi iliwaandikia raia weusi hati ya deni kwenye katiba na tangazo la uhuru, wakienda kudai inarudishwa kwamba hakuna fedha. Huo ni mdai na mdaiwa. Watu wanakumbuka machozi, wanasahau hesabu iliyotangulia.

Mchonga Hoja:
Mwalimu, si ndiyo umenisaidia? Wanakumbuka nini? Ndoto. Deni nani analikumbuka?

Mwalimu wa Mdahalo:
Kukumbuka ni kitu kimoja, kushawishika kingine. Bila deni ile ndoto ingekuwa shairi zuri tu.

Kipanga:
Na Lincoln, rais wa Marekani, je? Ile hotuba yake ya Gettysburg, maneno 270 hivi aliyoandika nyuma ya bahasha ndani ya treni. Alikuwa na hoja gani kwa dakika mbili?

Bi Tausi:
Bahasha ni hadithi tu Kipanga, karatasi za rasimu zipo na ya kwanza ilianzia kwenye karatasi rasmi ya ofisi yake. Ila kilichonifurahisha siku ile, 19 Novemba 1863, msemaji mkuu hakuwa yeye, alikuwa Edward Everett, bingwa wa hotuba wa zama zile, akaongea saa mbili. Kesho yake Everett akamwandikia Lincoln kwamba angefurahi kama kwa saa mbili angekuwa amekikaribia kiini alichokifikia mwenzake kwa dakika mbili. Mstaarabu yule. Humu ndani nani anaweza kumwandikia mwenzake hivyo?

Kipanga:
Siyo mimi.

Shabiki wa Data:
Nimerudi na ile inayouma. Mnaosema hisia ndiyo kila kitu, sikilizeni. 1965 chuo cha Yale, Leventhal na wenzake waliwapa wanafunzi vijitabu vya pepopunda, vingine vya kutisha na picha mbaya, vingine vya upole. Waliotishwa walisema kweli wameogopa, na wakasema chanjo ni muhimu. Waliokwenda kuchanjwa? Kama 3 kati ya 100. Halafu kundi jingine likaongezewa kitu kidogo, ramani ya chuo ambayo zahanati imezungushiwa alama, saa za kufungua, na kuambiwa waangalie ratiba zao za wiki wapange saa ngapi watapita hapo. Hao wakaenda kama 28 kati ya 100. Na utishaji ukiwa mkali au mpole, waliokwenda hawakupishana kwa maana. Kumbuka hao ni wanafunzi wa mwaka wa mwisho, zahanati wanaijua ilipo. Sasa ramani iko wapi kwenye njia tatu za Aristotle?

Nesi wa Zamu:
Hii naikubali kwa asilimia mia. Kuna mama mmoja tulimhubiria wee kuhusu dawa za presha, kiharusi, figo, kila mtisho tuliutoa, anaitikia "ndiyo sista" na vidonge anarudi navyo. Siku moja mwenzangu akamuuliza tu, asubuhi ukiamka kitu cha kwanza unashika nini? Akasema miwani. Akamwambia basi pakiti ikae juu ya kipochi cha miwani, huwezi kuona mpaka uisogeze. Alimeza tangu hapo. Hatukumbadilisha mawazo, alikuwa anaamini siku zote.

Mchonga Hoja:
Sasa hiyo siyo ushawishi, ni mpangilio wa vitu.

Nesi wa Zamu:
Iite unavyotaka, presha imeshuka.

Kimya Kingi:
Yule mwenzako aliuliza swali. Mama akajijibu. Narudi kwenye bandiko langu la juu.

Shabiki wa Data:
Kila kitu kwako ni entimema wewe.

Domo Zege:
Jamani mimi nilikuja na shida ya kweli nikaona aibu. Wiki ijayo naingia kwa bosi kuomba nyongeza ya mshahara. Nianze na nini? Mjue natetemeka sauti.

Mchonga Hoja:
Vaa vizuri, msifie mradi wake wa mwisho, halafu omba. Mahesabu acha kwenye bahasha.

Shabiki wa Data:
Usimsikilize. Fedha inatoka kwenye bajeti yake kwa hiyo inamhusu, atapima hoja. Nenda na kazi zilizokamilika na tarehe.

Bi Tausi:
Usimwambie shida za nyumbani mwanangu, huruma ya bosi inaisha kwenye korido. Na sauti ikitetemeka iache itetemeke, ukiificha ndiyo inaonekana.

Kipanga:
Demosthenes, yule bingwa wa hotuba wa Ugiriki ya kale, alijaza kokoto mdomoni akafanya mazoezi ya kuhutubia, Plutarch kaandika. Anza leo.

Domo Zege:
Nimejaribu na punje za mahindi, nimemeza moja 😂

Karani Mstaafu:
Anza na kibaya chako. "Mwanzoni mwa mwaka nilichelewesha ripoti." Kabla hajakitoa yeye.

Mwalimu wa Mdahalo:
Mzee hiyo inafaa kwa mwenye mengi mazuri ya kufuatia. Domo Zege unayo?

Domo Zege:
Yapo kiasi.

Saikolojia Mwaka wa Tatu:
Kitu kimoja kabla uzi haujazama. Hovland na Weiss 1951 walionyesha makala zile zile zikitoka kwenye chanzo kinachoaminika zinageuza watu wengi zaidi kuliko zikitoka chanzo kinachotiliwa shaka. Ila baada ya wiki nne tofauti ikayeyuka, watu waliobaki na maneno hawakuyaunganisha tena na aliyeyasema. Kwa hiyo Mchonga Hoja, sifa ya msemaji inaweza kushinda siku ya kikao tu.

Mchonga Hoja:
Siku ya kikao ndiyo wanapiga kura.

Domo Zege:
Wakuu habari mpya, bosi amepata safari, anakaimu yule ambaye hanipendi kabisa. Nisubiri au niende?

Kipanga:
Huyo mpelekee kwa maandishi.

Karani Mstaafu:
Na jina lako liweke mwisho wa barua, siyo juu.

Shabiki wa Data:
Kisha mwombe aijibu baada ya wiki nne.